Pointi za CPD (mafunzo endelevu ya watu wa afya) za mtandaoni zinaingia, wodini hakijabadilika kitu. Tusomeje?

Tabibu_Mzamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za zamu.

Mwaka ukielekea ukingoni, makundi ya WhatsApp yanajaa viungo vya webina. Mtu anafungua mbili kwa mpigo, simu iko chaji, mwenyewe yuko jikoni, na kwenye orodha ya wahudhuriaji anasomeka "Galaxy A12". Cheti kinakuja, leseni inahuishwa, maisha yanaendelea. Kuvuna pointi kila mtu anajua. Nataka tujadili namna ya kusoma mtandaoni mpaka kile unachomfanyia mgonjwa kibadilike.

Kuna kambi mbili huwa zinavutana. Moja inasema kozi za mtandaoni ni geresha, nyingine inasema hazina tofauti na darasa. Mwaka 2008 David Cook na wenzake walikusanya tafiti 201 za masomo ya intaneti kwa watu wa afya, wakachapisha kwenye jarida la JAMA. Anayesoma mtandaoni ukimlinganisha na asiyesoma kabisa, tofauti ni kubwa. Ukimlinganisha na aliyekaa darasani, tofauti ni ndogo na inayumba huku na huku. Kwa hiyo ugomvi wa mtandao na darasa tuuache. Cha kuangalia ni ulifanya nini ndani ya ile saa moja.

Sasa njoo kwetu, Haydom, mkoani Manyara. Wahudumu walipewa kozi ya siku moja ya Helping Babies Breathe, ile ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipopimwa kwenye mwanasesere miezi saba baadaye, walikuwa wamepanda. Watafiti wakaangalia pia watoto halisi chumba cha kujifungulia: kilichofanyika mezani kilikuwa kilekile cha zamani. Ripoti hiyo ni ya Ersdal na wenzake, 2013. Hospitali ikabadili mtindo, ikaweka mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki palepale wodini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000 (Mduma na wenzake, 2015).

Kumbukeni ile kozi ya kwanza ilikuwa ya ana kwa ana, na ambubegi (mpira wa kumpulizia mtoto hewa) mkononi. Kama siku nzima ya namna hiyo haikuvuka mlango wa wodi, slaidi 64 zinazosomwa kwa sauti ya usingizi zitavukaje?

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Kabla ya kujiandikisha, usichague mada unayoipenda. Mwaka 2006 Davis na wenzake walipitia tafiti zilizolinganisha jinsi madaktari wanavyojipima wenyewe na jinsi wanavyopimwa na wengine. Kati ya ulinganisho 20, kwenye 13 hapakuwa na uhusiano wa maana, au uhusiano ulikwenda kinyume. Kwa Kiswahili chepesi, kipimo cha "hii naijua" kimeharibika. Chukua mada kwenye kitabu cha rufaa, kitabu cha vifo, na vikao vya mapitio ya vifo vya wajawazito na watoto wachanga. Kilichojirudia mara tatu ndicho cha kusomea.

Ukifungua kozi, anza na maswali ya mwisho kama yanafunguka. Jibu kwa kubahatisha, andika pembeni uliyokosa, kisha ndipo usome. Kila dakika kumi simamisha, funga skrini, andika mistari miwili bila kuchungulia. Ukimaliza, andika sentensi moja: "Kuanzia Jumatatu, mgonjwa wa namna hii nitamfanyia hivi badala ya vile." Ikikushinda kuiandika, kozi ilikuwa ya pointi tu. Si dhambi, ila ujue.

Karibuni, wenye ujuzi mkubwa mniongezee na mnirekebishe.

NesiKiranja

Asante kwa uzi, mkuu. Ila mnaongea kama kila mtu ana waifai. Zahanati ya kijijini mtandao ni wa kuungaunga na bando ni la mfukoni. Webina ya saa moja na nusu inakula bando la wiki nzima. Tunafanyaje sisi?

Waya_na_Mnara

Sista, hapo nakujibu kwa hesabu, maana watu wengi wanachoma bando bila sababu.

Zoom sauti peke yake inahitaji kama kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde. Zidisha 80 kwa sekunde 3,600, gawa kwa 8: MB 36 kwa saa. Slaidi zinazoonyeshwa bila picha ya msemaji ni kilobiti 50 hadi 75, yaani MB 34 hivi ukichukua cha juu. Jumla MB 70 kwa saa. Kinachokula bando ni sura za watu. Video ya kikundi yenye ubora ni kilobiti 600, na hiyo ni MB 270 kwa saa ya kupokea tu, bado hujawasha kamera yako.

Kwa hiyo zima kamera yako, halafu nenda kwenye mipangilio uzime na video zinazoingia. Wengi wanazima yao wanasahau za wengine. Mtandao ukiyumba, toka uingie kwa sauti tu na mwombe mwandaaji atume slaidi mapema kwa PDF. Faili la MB 3 unalipakua mara moja mjini, wodini unasikiliza huku unalifungua.

Rekodi za YouTube nazo zina mtego wake. Simu ikiachwa kwenye ubora wa kujichagulia inaweza kupanda hadi 720 bila kukuuliza. Weka 144 kama ni maneno tu, 360 kama kuna maandishi ya kusoma.

Jambo la mwisho na ndilo baya zaidi: ECG (mchoro wa umeme wa moyo) na eksirei. Kwenye video iliyobanwa, miraba midogo ya ECG inayeyuka. Mwinuko wa ST, sehemu ya mchoro inayoweza kuonyesha moyo umekosa damu, ukiwa wa milimita 1 ni mraba mmoja mdogo, na ule ukungu unaweza kukuonyesha mwinuko usiokuwepo au kukuficha uliopo. Usijifunze ECG kwenye video ya 144. Omba picha yenyewe, na itumwe kama hati, kwa sababu WhatsApp ikiituma kama picha inaibana tena.

NesiKiranja

MB 70 kwa saa! Nimeelewa. Hilo la kuzima video zinazoingia wengi hatulijui kabisa.

DaktariPwani

Wakuu, niongezee jambo ambalo naona ni zito kuliko bando. Kozi nyingi zinazopatikana bure zimeandikiwa hospitali zisizofanana na zetu. Mfano ambao kila anayetibu watoto Afrika Mashariki anapaswa kuujua ni utafiti wa FEAST.

Mafunzo ya dharura ya watoto kutoka Ulaya na Marekani yalijengwa juu ya kanuni moja: mtoto mwenye mshtuko wa maambukizi (damu haimfikii vizuri mwilini), sukuma maji ya mshipani 20 ml kwa kilo haraka, angalia, rudia. FEAST ilijaribu kanuni hiyo kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, Uganda, Kenya na Tanzania. Mbale, Soroti, Kilifi na Muheza ni baadhi ya vituo. Matokeo yalichapishwa 2011, Kathryn Maitland akiongoza. Waliosukumiwa albumini (protini ya damu) walifariki asilimia 10.6 ndani ya saa 48, waliosukumiwa salaini (maji ya chumvi) 10.5, na wasiosukumiwa 7.3. Yaani katika kila watoto mia waliosukumiwa maji, watatu zaidi walikufa.

Watu hujitetea kuwa tatizo lilikuwa kukosa mashine za kupumulia. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kuanguka kuliko maji kujaa mapafuni. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba mashine ingemaliza hadithi.

Miongozo ilibadilika. Ule wa kimataifa wa sepsisi (maambukizi makali yanayoangusha mwili) kwa watoto wa 2020 unatenganisha kabisa hospitali yenye chumba cha uangalizi mahututi na isiyo nacho. Pasipo nacho, kama presha haijashuka, usisukume, mpe maji ya kawaida ya siku. Sasa kaa na kozi iliyoandikwa kabla ya hapo, au inayodhani kila mtu ana chumba hicho, uone inavyoweza kukufundisha vizuri sana jambo baya.

Ushauri: kabla ya kuanza kozi tafuta vitu vitatu. Tarehe ilipopitiwa mara ya mwisho, iliandikiwa hospitali ya ngazi gani, na inarejea mwongozo upi. Kozi isiyo na tarehe iache.

Watoto_Wodi_B

Dokta, nakubaliana nawe ila hapo naweka breki, maana FEAST husomwa nusu na nusu hiyo inaua pia.

Watoto wenye kuharisha na kutapika hawakuingizwa kwenye utafiti ule. Wenye utapiamlo mkali pia hawakuingizwa. Anayeharisha akiwa na upungufu mkubwa wa maji anabaki kwenye Mpango C wa WHO, maji ya mshipani: 100 ml kwa kilo. Chini ya mwaka mmoja, 30 ml/kg ndani ya saa 1 kisha 70 ndani ya saa 5. Mwaka mmoja na kuendelea, 30 ndani ya dakika 30 kisha 70 ndani ya saa 2 na nusu. Aliyetoka kwenye webina ya FEAST akifika wodini anaogopa dripu kwa kila mtoto, mwenye kuharisha anakauka macho yakiangalia.

Na hata nje ya kuharisha, kwa WHO mshtuko ni dalili tatu kwa pamoja: miguu na mikono baridi, kucha ukizibonyeza kuchukua zaidi ya sekunde 3 kurudi rangi, na mapigo dhaifu yanayokwenda mbio. Zikitimia zote tatu, maji yapo, 10 hadi 20 ml/kg, ila ndani ya dakika 30 hadi 60 na unamwangalia. Moja au mbili pekee, usisukume.

Kwa hiyo kwenye kila kozi inayonukuu utafiti, swali langu la kwanza ni: nani hakuingizwa? Slaidi ya walioachwa nje ndiyo inayorukwa kila siku kwa kisingizio cha muda.

DaktariPwani

Umenyoosha, asante. Ningelisema mwenyewe mwanzo.

Mpita_Njia

Mimi naona mnazunguka. Mtu anataka pointi, apewe pointi. Mambo ya wodini yana wasimamizi wake.

Tabibu_Mzamu

Mkuu, sawa, tuzimalize na pointi basi. Wa Kenya watuambie utaratibu wao, sisi wa huku tunajua wetu.

Daktari_Mlimani

Huku Kenya KMPDC, baraza la madaktari, inataka daktari awe na pointi zisizopungua 50 kwa mwaka ndipo ahuishe leseni. Makosa yanayowapotezea watu pointi ni ya kijinga na yanazuilika.

Jina la kwenye Zoom halifanani na la kwenye leseni. Mwandaaji ndiye anayepeleka orodha, na orodha inatoka kwenye mfumo. "Galaxy A12" hana leseni. Badilisha jina kabla ya kuingia: jina kamili, kisha namba ya usajili.

Wengi pia hujibu fomu ya mahudhurio kwa barua pepe tofauti na waliyojisajilia. Mfumo unaona watu wawili, mmoja aliingia na mwingine alijaza fomu, wote hawakamiliki.

Kosa la tatu ni kudhani kila cheti ni pointi. OpenWHO ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza 2017, ilileta kozi nzuri za bure, lakini cheti cha kumaliza kozi na pointi za baraza lako ni vitu viwili. Vivyo hivyo cheti cha Marekani kinachosema "Category 1". Kule saa moja ni krediti moja, na ni mfumo wa kwao. Baraza lako likizitambua vizuri, lisipotambua umesoma kwa faida ya wagonjwa. Uliza kabla, na jibu uliombe kwa maandishi.

Pia cheti kisicho na saa za mafunzo, tarehe, jina la mtoaji na namba ya ithibati, usipoteze muda kukihifadhi.

Waya_na_Mnara

Na saa, jamani! Tangazo likisema 13:00 New York, sisi ni saa tatu usiku wakati wa baridi kwao, na saa mbili usiku wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa na sisi hatusogezi. London ni tofauti ya saa tatu au mbili. Machi watu huingia webina imeisha, Oktoba na Novemba huingia kabla haijaanza. Na ukitangaza kwa Kiswahili andika "saa 1 usiku (19:00)", maana kuna watakaoingia saa saba mchana wakisubiri.

Famasia_Kona

Naleta mchango wa dirishani. Kozi za nje zinatumia majina na vipimo vya kwao. Epinefrini ndiyo adrenalini, asetaminofeni ndiyo parasetamoli, albuterol ndiyo salbutamoli. Hayo ni madogo, yanayoumiza ni vipimo vya maabara. Sukari ya Marekani ni mg/dL: gawa kwa 18 upate mmol/L, 126 yao ni 7.0 yetu. Kreatinini (kipimo cha figo) 1 mg/dL ni 88.4 mikromoli. Bilirubini 1 mg/dL ni 17.1 mikromoli, na hii ndiyo hatari kwa mtoto mchanga mwenye manjano: ukichukua mstari wa kuanza tiba ya mwanga kutoka chati ya mg/dL ukausoma kama mikromoli, kila mtoto atawekwa chini ya taa. Ukifanya kinyume, hakuna atakayewekwa. Andika namba hizo kwenye karatasi, bandika nyuma ya simu.

Sasa la pili, kwa sababu webina za kutoka damu baada ya kujifungua zimekuwa nyingi. Traneksamiki (TXA), dawa ya kuzuia damu kutoka, gramu 1 kwenye mshipa, polepole ndani ya dakika 10. Ampuli ya 5 ml yenye 100 mg kwa ml ni 500 mg, kwa hiyo ni ampuli mbili. Ukisukuma kwa dakika moja presha inaweza kuanguka, kisha utafikiri ni damu. Isizidi saa 3 tangu kujifungua. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, au ikisimama kisha ikarudi ndani ya saa 24, dozi ya pili ya gramu 1. Utafiti wa WOMAN wa 2017, uliojaribu dawa hii, ulikuwa na akina mama 20,060. Uchambuzi uliofuata, ukijumlisha na takwimu za majeruhi wa ajali, ulionyesha kila dakika 15 za kuchelewa zinapunguza faida kwa asilimia 10 hivi.

Ambalo kozi ikiliacha imekupa nusu: ampuli ya TXA na ya bupivakeini (ganzi) ya kuchoma mgongoni zinaweza kufanana kwa umbo. TXA ikiingia uti wa mgongo mgonjwa anapata degedege, na wengi hufa. WHO ilishatoa tahadhari. Usiweke TXA kwenye trei ya ganzi wala kwenye rafu moja na bupivakeini. Iweke kwenye sanduku la kutoka damu, yenye lebo, nje ya chumba cha ganzi. Hilo ni dakika tano za kazi, na halihitaji mtandao.

Oksitosini (dawa ya kubana kizazi) nayo ni ya friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa kwenye joto muda mrefu inapungua nguvu.

Mkunga_wa_Zamu_ya_Usiku

Famasia umegusa palepale. Naomba nishushe mfano mzima, maana ndio unaoonyesha kozi ya mtandaoni inaishia wapi na mikono inaanzia wapi.

Utafiti wa E-MOTIVE, wa kutoka damu baada ya kujifungua, matokeo 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, akina mama zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hakukuwa na dawa mpya hata moja. Kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye vipimo unaowekwa chini ya makalio ya mama, na makubaliano kwamba damu ikigundulika vyote vinafanyika pamoja: masaji ya kizazi, oksitosini, TXA, maji ya dripu, kisha kuchunguza kibofu, kondo na michubuko huku msaada unaitwa. Kutoka damu nyingi kupita kiasi, kupasuliwa au kufa kwa ajili ya damu vilikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3 kwenye hospitali za kulinganishia. Waliogunduliwa ni asilimia 93.1 dhidi ya 51.1. Someni hiyo namba ya pili tena. Kwenye huduma ya kawaida, nusu ya waliotoka damu hawakugundulika, wakati kila mkunga alishasomea somo hilo chuoni.

Mambo yanayoharibika mezani, ambayo video haikuonyeshi: mfuko ukiwekwa kabla mtoto hajatoka, maji ya chupa (yaliyomzunguka mtoto tumboni) yanaingia na unasoma damu isiyokuwepo. Weka mtoto akishatoka. Kitanda kikiwa tambarare damu inajikusanya nyuma ya mgongo, haishuki mfukoni. Mdomo wa mfuko ukibanwa na paja, hivyo hivyo. Na mfuko mzuri usiosomwa ni plastiki tu: saa ya kwanza, kila dakika 15 soma mfuko, shika kizazi, pima mapigo na presha, andika.

Zoezi lisilo na gharama: changanya maji na rangi nyekundu, pima 500 ml kwa chupa ya dripu tupu, mwaga kwenye khanga na pedi, ita watu waje wakadirie kwa macho kila mmoja kwa siri. Makadirio mengi huwa chini. Kisha mwaga kiasi hichohicho kwenye mfuko wa vipimo. Hapo hutahitaji slaidi.

Tabibu_Mzamu

Mkunga, heshima yako. Huu ndio mfano niliokuwa nautafuta. Ngoja nionyeshe swali la mazoezi linavyoandikwa kutokana nao, kwa sababu wengi tunatunga maswali ya kupitisha watu.

Swali bovu: "Dozi ya TXA ni ipi? A. 100 mg, B. 1 g, C. 10 g." Hata aliyekuwa jikoni atapata.

Swali zuri: "Saa tisa usiku. Mama wa uzazi wa nne, amejifungua dakika 25 zilizopita. Mfuko unasoma 350 ml, mapigo 118, kizazi laini. Uko wewe na nesi mmoja. Dakika tano zijazo nani anafanya nini?" Hapa wanaosubiri 500 wanaanguka. Kwenye E-MOTIVE mistari ilikuwa miwili: 500 ml unaanza bila kujali kingine, na 300 ml unaanza kama kuna dalili mbaya, na mapigo zaidi ya 100 ni mojawapo. Wanaotaja dawa bila kusema nani anashika kizazi na nani anaenda friji nao wanaanguka.

Swali kama hilo litume kwenye kundi la wodi siku ya pili, siku ya saba na siku ya thelathini, ukibadilisha namba. Usitume jibu kabla watu hawajajibu. Ukitoa jibu mapema wanasoma, wanaweka dole gumba, wanasahau.

Daktari_Mlimani

Tusisahau mtindo wa ECHO, wa bingwa kujadili kesi na vituo kwa video. Ulianzia New Mexico mwaka 2003, Sanjeev Arora akitaka wagonjwa wa homa ya ini C watibiwe vijijini bila kusafiri kwenda kwa bingwa. Matokeo ya 2011: waliopona virusi kliniki ya chuo kikuu ni asilimia 57.5, vijijini na magerezani kwa wahudumu waliokuwa wakiongozwa kwa video 58.2. Somo fupi, kisha kesi halisi za washiriki, kila wiki, watu walewale. Kinachofanya kazi pale ni kesi kurudi: juma lijalo unaulizwa yule mgonjwa vipi.

Ukileta kesi, anza na swali lako katika sentensi ya kwanza. "Nauliza kama nimwanzishie insulini au nimpe rufaa," ndipo umri, jinsia, tatizo, vipimo vyenye tarehe, ulichokwisha mpa, na ulichonacho kituoni. Ukurasa mmoja. Wengi wanaanza na historia ya miaka sita, swali linakuja dakika ya kumi na mbili wakati bingwa keshatoka.

Na siri ya mgonjwa, tafadhali. Jina, namba ya faili, kijiji, sura, tatuu, vyote viondoke. Eksirei huwa na jina kwenye kona: likate, usilipake wino wa simu, maana wino mwepesi ukiongezewa mwanga maandishi yanaonekana. Kenya tuna sheria ya data tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake 2022. Kundi la WhatsApp lenye watu 400 si kikao cha kitaaluma, hata kama kila mtu humo anaitwa dokta.

NesiKiranja

Sasa swali la utawala. Haya yote yanataka muda, na ukimwambia mfawidhi unataka saa moja kila wiki anakuangalia tu. Mnaombaje?

Mkunga_wa_Zamu_ya_Usiku

Usiombe saa moja, sista. Omba dakika tano za mwisho za makabidhiano ya asubuhi, Jumanne tu, zamu zote mbili zikiwa zimesimama. Jambo moja kwa mwezi mzima: mwezi huu ambubegi, mwezi ujao mfuko wa damu. Wiki ya kwanza onyesha, ya pili mmoja afanye wengine wakiangalia, ya tatu weka saa, ya nne fanya bila taarifa. Chagua mtu wa kusimamia kila zamu, asiwe yuleyule kiongozi anayeogopwa, watu hawakosei mbele yake na bila kukosea hawajifunzi.

Kwa mfawidhi peleka namba moja iliyoandikwa kwenye daftari lenu, kwa mfano dakika ngapi zinapita tangu mfuko kufika mstari hadi TXA kuingia. Pima kabla, pima baada ya miezi miwili. Ukienda na namba ya kituo chake mwenyewe hatakuangalia tu.

Mpita_Njia

Haya, nimerudi. Hizo dakika tano zinahesabiwa pointi?

Daktari_Mlimani

Uliza baraza lako, bosi. Mafunzo ya ndani ya kituo yanaweza kuhesabiwa kama kituo kimesajiliwa kuwa mtoa mafunzo. Mkiwa na daftari la mahudhurio lenye mada, tarehe, saa na sahihi, angalau mna cha kuonyesha.

Tabibu_Mzamu

Naandaa maswali 12 ya kutoka damu kwa mtindo ule wa saa tisa usiku, na 8 ya mtoto mwenye mshtuko kama alivyoelekeza Watoto_Wodi_B, yakiwemo matatu ya wenye kuharisha ili tusiwaonee. Nitayapandisha hapa kwa PDF isiyozidi KB 300, bila picha. Atakayeona kipimo kisicholingana na mwongozo wa tiba wa nchi yake aandike namba ya swali na ukurasa wa mwongozo, nirekebishe kabla watu hawajaanza kuyasambaza.